Vyombo vya Watu Dirishani Kwangu

27 Machi 1967

Jana ilikuwa Pasaka na Kiarie hakuja. Nilimchinja jogoo, nikamla peke yangu, leo nimemla tena, na kesho nitakunywa mchuzi wake. Daftari hili aliniachia Krismasi akasema, "Mama, ukikosa mtu wa kuongea naye, andika." Hayo ni maneno ya mtu aliyesoma. Basi naandika.

Mimi ni Wahu, mama yake Kiarie. Simama popote hapa Kiplombe uulize kwa mama Kiarie ni wapi, hata mbwa watakuelekeza. Kiarie ni karani wa Serikali huko Nairobi. Anafunga tai kila siku, mpaka Jumamosi. Mimi nilifika darasa la nne tu kwa misheni, lakini hati yangu ni nzuri kuliko ya katibu wa kampuni yetu ya mashamba, na yeye ana miwani. Naandika Kiswahili kwa sababu huku tumechanganyika, Mnandi, Mluhya, Msomali na sisi tuliotoka Murang'a, na Kikikuyu changu hakina wa kukijibu hapa ndani tangu mume wangu, marehemu Thuo, aende.

Nyumba yangu ilikuwa chumba cha maziwa cha mzungu. Kampuni ilipogawa shamba lake, wengine walipata mabanda. Mimi nilipata sakafu ya simiti na dirisha lenye ukingo mpana ambapo mzungu alikuwa akipanga madebe ya krimu. Virginia, jirani yangu, alipata banda la ndama. Hajanisamehe.

3 Aprili

Mvua. Hatimaye.

8 Aprili

Nimemaliza kupanda. Mistari yangu imenyooka kama chanuo, na Virginia alisimama kwa ua akaiangalia mmoja mmoja akitafuta kosa.

Jioni nilipovua gambuti ya mguu wa kulia nilipata punje ya mahindi, ile ya mbegu yenye dawa nyekundu, imezama kwenye nyama chini ya kidole kidogo. Nimetembea nayo kutwa nzima na sikusikia kitu. Nilicheka peke yangu. Nikasema, Wahu, wewe umekomaa mpaka nyayo. Nikaichomoa na ncha ya kisu, nikaosha na maji ya chumvi, nikalala.

15 Aprili

Mahindi yameota. Nina kiu sana siku hizi. Nakunywa mtungi mzima na bado mdomo ni unga.

22 Aprili

Yusuf, Msomali mwenye lori na duka barabara ya Soy, alipita kwa ofisi ya Kiarie huko Nairobi kumpa salamu zangu na viazi. Ameniletea jibu. Kiarie anasema kazi ni nyingi, atakuja Mei.

"Ofisi yake ikoje?" nikamuuliza.

"Ni ofisi," Yusuf akasema.

Hawa watu wa lori hawajui kuangalia kitu.

30 Aprili

Ile alama ya punje imekuwa shimo, na linatoa maji. Lakini haliumi, na kitu kisichouma si ugonjwa. Nimefunga kitambaa.

6 Mei

Palizi imeanza. Sisi wanawake wa mstari huu wa mashamba tumeanzisha ngwatio, ile ya nyumbani: leo wote tunalima kwako, siku nyingine wote kwa mwenzako, mpaka mzunguko uishe. Ukikosa kwa mwenzako, na kwako watakosa. Haina kusema sijisikii. Kura imeniweka wa mwisho kabisa. Leo tulikuwa kwa Virginia, na nilikuwa mbele ya wote kwa mstari. Waulize.

10 Mei

Mvua. Tulilima hivyo hivyo. Kitambaa kililowa.

13 Mei

Leo tumepumzika kunywa uji, na Virginia akaanza kunusa.

"Ni nini kinanuka? Kuna panya amekufa hapa?"

"Ni samadi yako," nikamwambia.

"Samadi yangu haivai gambuti, Wahu. Hebu vua."

Nikakataa. Akanivua kwa nguvu mbele ya watu, kama mtoto. Wote wakasogea kuangalia. Shimo limekuwa pana kama kizibo cha soda, na ukingo wake ni mweupe kama ngozi ya mtu aliyefua nguo kutwa.

"Ngai! Na unalima nalo?"

"Halilii, kwa nini niliamshe na maneno?"

Jioni alikuja nyumbani. Virginia, kwangu! Hajawahi kuvuka huo mlango tangu tugawiwe. Alileta mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe.

"Ng'ombe wangu wa gredi alikuwa amepasuka chuchu zote. Sasa angalia, laini kama mtoto."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe ana akili. Akiumia anasimama."

Alinipaka mwenyewe, tukanywa chai, tukaongea habari za nyumbani mpaka giza likaingia. Aliacha mkebe. Nimeuweka dirishani. Nilikuwa nimesahau vile nyumba inavyosikika ikiwa na sauti mbili.

16 Mei

Mzee Kimeli alikuja. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa ng'ombe wa mzungu, na mizinga yake iko kwenye miti ya mto. Ameleta asali kwa kibuyu.

"Mama, mimi nimefunga mguu wa farasi na hii. Farasi aliyekatwa na waya."

Kumbe kwa mkutano wa majirani mimi nimepanda cheo, kutoka ng'ombe mpaka farasi. Lakini huwezi kumwacha mzee atembee na kibuyu chake halafu umwambie kuna mafuta ya mtu mwingine. Nilienda nyuma nikaosha mafuta ya Virginia na sabuni, nikaja Mzee akamimina asali. Alikaa. Haongei sana, lakini anakaa vizuri.

18 Mei

Sahra, mke wa Yusuf, ameleta malmal aliyoiponda ndani ya samli, kwa kikombe cha enameli chenye ua la bluu. Malmal ni utomvu wa mti wa kwao kaskazini, una harufu kama ya kanisa la Wakatoliki.

"Mama Kiarie, wallahi, mama yangu alitibu watu na hii na hatukujua hospitali ni rangi gani. Lakini usichanganye na kitu kingine."

"Nichanganye na nini mimi?" nikasema, huku asali ya Mzee Kimeli bado iko beseni ya nyuma.

Sahra anacheka na meno yote. Ana mabinti wawili Garissa kwa nyanya yao na anawakosa. Nilimwambia habari za Kiarie, na tai, na ile siku alishinda shule nzima kwa hesabu. Alisikiliza yote. Nikamrudia ile ya hesabu.

21 Mei

Leo wamekuja wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nimemwosha mwenzake nikampaka yeye. Ninapika chai kama mwenye hoteli. Mei inaisha, Kiarie hajafika.

27 Mei

Hakuna mtu. Mvua.

30 Mei

Kidole kidogo kimeanza kuwa na rangi ya zambarau. Lakini hakiumi.

2 Juni

Sista Kavetsa, nesi wa kliniki, huja na baiskeli siku ya Ijumaa na kutibu watu kwenye kile kibanda cha zamani cha mzungu cha kupimia maziwa. Ni msichana Mluhya mwembamba, hana mume wala mtoto, na anaongea na watu wazima kama anawahesabu kondoo. Sikuwa nampenda. Virginia alinipeleka kwa kunivuta mkono.

Alifungua kitambaa, akainama, akanusa.

"Mama, umeweka nini hapa?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

Nikamtajia zote. Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alinipa kichupa nikaleta mkojo, akauchemsha na maji yake ya bluu juu ya moto wa spiriti, na mkojo wangu ukageuka rangi ya tofali.

"Una ugonjwa wa sukari. Mguu wako umekufa ganzi, ndiyo maana husikii. Ukiona sisimizi chooni..."

"Nawaona. Nilidhani ni msimu."

Alisafisha na maji makali yanayonuka kama ya kufulia shuka, akafunga na bendeji nyeupe. Halafu akasema maneno yaliyonikasirisha.

"Hizi dawa za watu, weka kando zote. Kila mtu anakupaka, unaosha, unapaka tena, kidonda hakipati nafasi hata ya kukauka. Lakini hata hiyo siyo shida kubwa. Unaweza kupaka dhahabu. Ukisimama juu yake, hakiponi. Kaa chini. Mguu juu ya kiti. Usilime."

"Na nani atanilimia?"

"Huna mtu?"

Hapo foleni yote ilikuwa inasikiliza. Mama mzima naulizwa kama nina mtu! Nikasimama wima.

"Mimi ni mama yake Kiarie. Kijana wangu anakuja ndani ya wiki mbili hizi kutoka Nairobi na vibarua, lori nzima. Shamba langu litapaliliwa siku moja na nyinyi mtakuja kuangalia."

Virginia aliniangalia. "Kweli, Wahu?"

"Kwani mimi nadanganya?"

Na sikuwa nadanganya. Alisema Mei, na Mei imepita, basi ni sasa.

7 Juni

Siku ya ngwatio kwa mama wa pale juu, lakini Sista amekataza. Nimekaa. Kukaa ni kazi ngumu kuliko kulima. Nimehesabu mabati. Kwa sababu dawa zao zimekatazwa, hakuna aliye na sababu ya kuja. Mkebe, kibuyu na kikombe viko dirishani. Virginia alipita njiani akapunga mkono, hakuingia.

10 Juni

Magugu yamefika magoti ya mahindi. Kiarie hajafika.

14 Juni

Kesho ni zamu yangu ya ngwatio. Nimeloweka mahindi na maharagwe, nimeomba sufuria kubwa kwa Sahra. Nitakaa kwa kiti changu mlangoni, mguu juu, nikiwaongoza kama mzungu.

15 Juni

Hawakuja.

Niliamka na giza nikawasha moto. Githeri ilikuwa tayari, uji ulikuwa tayari, vikombe nimevipanga juu ya ukuta. Jua likatoka. Nikasema, wamechelewa kukamua. Jua likapanda. Nikasema, labda mto umejaa, ingawa hakuna anayevuka mto kuja kwangu. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu cha kichwa kile cha Krismasi.

Nililima kwa kila mmoja wao na mguu ulio na shimo. Nililima kwa Virginia wa kwanza, nikamlimia yule mama wa chini ambaye hata asante alisema akiangalia pembeni. Nimekosa mara moja tu, na ni nesi aliyenikataza. Na wao, kwangu, hakuna hata aliyetuma neno kusema mtoto ni mgonjwa. Niliketi pale na sufuria inayoweza kulisha arusi, kuku wakaanza kudonoa vikombe.

Ndipo nikafungua bendeji ili gambuti iingie, nikachukua jembe.

Sitaki kusema nilivyolima. Nililima kama mtu anayepigana. Nilikuwa naongea na sauti, nikiwajibu wote. Mawingu yakafunika, mvua ikanyesha, sikuacha. Nilimaliza mstari, nikaanza mwingine. Niliporudi kuvua, gambuti ilikuwa na maji, na nikasema ni ya mvua. Nikayamwaga kwenye simiti. Hayakuwa ya mvua.

Kidole ni cheusi. Sasa nasikia baridi mwili wote na meno yanagongana, na bado, hata sasa, hakiumi. Nimekipiga na kijiko. Ni kama kumpiga mtu mwingine.

Nimeandika mpaka hapa kwa sababu nyumba imenyamaza na sitaki kuisikiliza.

25 Juni. Hospitali, mjini

Sahra ndiye aliyenipata. Alikuja kuchukua sufuria yake. Walinipakia kwenye lori la Yusuf juu ya magunia ya sukari. Sukari! Hata mimi nilicheka, wananiambia, ingawa sikumbuki.

Daktari Mhindi alitaka kukata hapa chini ya goti. Sista Kavetsa alikuwa amekuja na sisi, ameshika baiskeli yake nyuma ya lori muda wote. Alimwomba daktari ajaribu kidole kwanza, wasafishe, wangoje. Daktari akasema, "Tutangoja, lakini uozo ukipanda, hatutaongea tena." Kidole kimeenda. Sijui walikitupa wapi. Mguu bado ni wangu, kwa sasa. Kila asubuhi wanafungua, na mimi naangalia uso wa daktari kabla ya kuangalia mguu.

Sahra ameniletea daftari. Sikumwambia alilete.

28 Juni. Hospitali

Virginia amekuja. Niligeukia ukuta.

"Unanigeuzia mgongo?"

"Nauliza ukuta kama unajua kulima."

"Wahu, wewe una kichaa? Si ulisema Kiarie anakuja na vibarua, lori nzima? Mbele ya watu wote! Tukasema, tukienda na majembe yetu tutamwaibisha kijana, ataona kama tunamwambia ameshindwa kumsaidia mama yake. Tukakaa kwetu. Mimi mwenyewe nilitoka mchana kuangalia hiyo lori."

Niligeuka kutoka ukutani.

"Uliiona?" nikauliza.

"Nilikuona wewe kwa mbali, na jembe, kwenye mvua. Nikasema, angalia vile anawaonyesha vibarua kazi."

Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha. Halafu Virginia akalia, na mimi nikalia, kila mmoja akidanganya ni machozi ya kucheka. Wamenipalilia shamba lote siku nilipoletwa hapa. Anasema mistari yangu imenyooka. Amesema mwenyewe, sikumuuliza.

4 Julai. Hospitali

Daktari amefungua, ameangalia, ameguna. Sista Kavetsa anasema huo mguno ni mzuri.

12 Julai

Nyumbani. Vidonge vya sukari asubuhi na jioni. Chai bila sukari, ni kama kunywa maji ya kuoshea sufuria. Kidonda bado ni shimo la kuingiza kidole gumba. Sitakiwi kukanyaga kabisa, hata kwenda chooni, nimepewa ndoo. Yusuf amenitengenezea magongo mawili. Sista amesema, "Mguu huu ukigusa chini, Mama, tunarudi kwa daktari, na safari hii sitaongea." Nimemwamini. Yule msichana hana maneno ya kupoteza.

16 Julai

Kiarie amekuja!

Alikuja na gari la mwenzake, Peugeot nyeupe, ikapita mbele ya nyumba zote. Suti ya kijivu. Viatu vinang'aa mpaka nikajiona ndani yake, mdogo, na magongo yangu. Amenenepa kidogo. Ameanza kuongea kama redio.

Alisimama mlangoni.

"Mama, kuna harufu."

"Ni dawa. Ingia, keti, kuna kuku."

"Tunarudi leo, mwenzangu ana mkutano asubuhi. Nilisikia tu juzi kutoka kwa Yusuf. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefika Mei ningekuambia."

Akaangalia viatu vyake. Aliingia, akaketi kwa ncha ya kiti, akanywa nusu kikombe. Sikumwonyesha mguu na hakuuliza kuuona. Alitoa mfukoni tyubu ya dawa kutoka kwa duka la dawa la Wahindi Nairobi, ndani ya boksi, na karatasi ya maandishi ya Kiingereza. "Hii ndiyo nzuri kabisa, Mama. Ya kizungu. Upake kila siku." Akanibusu shavu, hivi wanavyofanya sasa. Gari halikuwa limezimwa.

Majirani wote waliona hiyo Peugeot. Wote.

18 Julai

Nimemwonyesha Sista Kavetsa tyubu. Aliisoma boksi mbele na nyuma. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Ni dawa nzuri, Mama. Lakini ni ya ngozi inayowasha. Siyo ya shimo."

Nimeiweka dirishani, mbele ya vyombo vingine, upande unaoonekana na wapita njia.

29 Julai

Sista anakuja kila jioni akitoka kliniki ya siku hiyo, popote ilipo, ingawa si njia yake. Anakata nyama iliyokufa na mkasi kidogo kidogo, anasafisha, anafunga. Mimi nachemsha bendeji za jana na kuzikunja. Nimemuuliza kwao ni wapi. Kaimosi. Mama yake alikufa na mguu kama huu. Aliniambia akiangalia mkasi, na mimi niliyekuwa na mdomo mrefu wa kumuuliza mbona haolewi, niliufunga.

11 Agosti

Gozi ya mafuta, kile kitambaa cha wavu cha kufunika kidonda, imekwisha kliniki, na ya mjini haijaletwa. Sista ameangalia dirishani.

"Hiyo asali ni ya nani?"

"Ya Mzee Kimeli. Ulikataza."

"Nilikataza wewe kumwaga na kuosha kama unafua. Niletee, tuichuje kwa kitambaa kilichochemshwa, niweke mimi, na isiguswe mpaka nirudi."

"Nikatazwe sukari kwenye chai, halafu mguu unywe asali!"

Alicheka. Sista Kavetsa! Ana mwanya wa kupendeza, nani angejua. Mzee Kimeli alipoambiwa, alikuja akasimama nje, akavua kofia, akasema, "Farasi naye alipona," akaenda zake.

26 Agosti

Nyama nyekundu inapanda kutoka chini, kama unga wa mkate. Nimekaa. Nimekaa. Nimekaa. Mahindi yangu yametoa ndevu bila mimi.

9 Septemba

Shimo ni dogo kama punje ya mahindi.

22 Septemba

Limefunga. Sista alibonyeza kote na kidole, akaguna kama yule daktari. Sasa nafundishwa kutembea kama mtoto. Viatu vipana, na kila asubuhi kabla ya kuvaa lazima niingize mkono ndani ya kiatu, nipapase mpaka ncha. Jioni niangalie nyayo kwa kioo.

"Sitakuwa nakuja kila siku tena, Mama. Uje kliniki mara moja kwa mwezi."

"Sawa," nikasema. Nimepona. Nimefurahi sana.

30 Septemba

Hakuna mtu.

8 Oktoba

Hakuna mtu. Yusuf amesema Kiarie atakuja Krismasi, kazi ikiruhusu.

17 Oktoba

Mahindi yamekauka. Upepo ukiyapita unasikia kama watu wanatembea, na mimi nimetoka mlangoni zaidi ya mara moja.

29 Oktoba

Leo Virginia amepita njiani na debe lake kichwani. Nilimwita aingie.

"Nina haraka, Wahu. Lakini utanikumbushia mkebe wangu siku moja."

"Upo," nikasema. "Njoo uuchukue wakati wowote."

Ukweli ni kwamba mkebe uliisha zamani. Ningeweza kuurudisha Julai kwa mkono wa mtu yeyote. Hata kikombe cha Sahra, hata kibuyu. Lakini nimeviacha hapo, navipangusa vumbi kila asubuhi, kwa sababu mwenye chombo hukifuata chombo chake. Nimevikalia kama kuku. Na hakuna aliyekuja. Nani anatembea maili kwa ajili ya kikombe?

12 Novemba

Tumevuna. Ngwatio, wote, mimi nikipukuchua nimekaa. Kwangu magunia yamejaa kuliko ya Virginia, na huo ni ukweli, si majivuno. Jioni wameenda kwao.

17 Novemba

Leo asubuhi nimeingiza mkono ndani ya gambuti ya kulia, nikapapasa mpaka ncha, pale kwenye nafasi ya kidole ambacho sina. Hakuna kitu. Ya kushoto, hakuna kitu. Nikavaa.

Mama yangu alinilea akisema chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mkebe wa Virginia nimeujaza maharagwe. Kibuyu cha Mzee Kimeli kimejaa unga wa wimbi. Kikombe cha Sahra nimejaza mahindi mapya na kukifunga na kitambaa. Kwa Sista nimebeba bendeji zote, zimechemka, zimekauka juani, nimezikunja ndani ya kikapu kipya nilichosuka nikiwa nimekaa, na mayai juu yake. Tyubu ya Kiarie imebaki dirishani. Hiyo haiwezi kujazwa tena. Na haijafunguliwa.

Nilitembea polepole, nikipumzika. Virginia alikuwa anakamua. Aliangalia mkebe, akaangalia miguu yangu, akaniangalia usoni.

"Umekuja na hiyo miguu?"

"Kwani umeona nikiruka?"

Alinikalisha kwenye stuli ya kukamulia, kwenye banda lake la ndama, ambalo kwa kweli amelipaka chokaa vizuri sana. Sitamwambia. Mzee Kimeli alichukua kibuyu kwa mikono miwili. Sista hakuwa kliniki. Nilimwachia kikapu mlangoni, kisha nikaona si vizuri, nikakaa chini kumngoja. Alipofika na baiskeli kitu cha kwanza alisema ni, "Vua, nione," na cha pili, "Mama, umenisukia mimi?"

Kwa Sahra nilifika jua likielekea chini. Yusuf alikuwa anapakia lori, ameniambia atanirudisha. Sahra alifungua kitambaa, akamimina mahindi kwenye ungo, akaita dukani kwa Kisomali, kisha akanipa kikombe tena mkononi. Kilikuwa kizito. Kimejaa tende.

"Sahra, tende zina sukari. Sista ataniua."

"Utakula moja. Nyingine ni za wageni wako."

"Wageni gani?"

"Mama Kiarie, wewe! Kikombe si changu? Au unataka kukiiba?"

Kwa hivyo kiko dirishani tena, na ua lake la bluu limeelekea ndani. Kesho kutwa, nikiingiza mkono kwanza kwa gambuti, nitakirudisha.